Sabuni Niliyoendelea Kuiuza

Alhamisi, jioni. Julai inakwisha lakini baridi bado imekaza, na upepo umevuma tangu alfajiri. Nina vumbi kwenye nywele, kwenye viatu, hata kwenye meno.

Nimekaa kwenye kompyuta ya ukutani, katika internet kafe ya Majengo. Dada wa kaunta amenizoea. Anajua nikija siangalii picha wala sifungui barua pepe, naandika tu. Leo amenitazama usoni akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana, bado.

Hilo "bado" limenitoka lenyewe.

Sijui nani husoma ninayoyaandika hapa mtandaoni. Mara ya mwisho niliandika kuhusu mvua ya Machi iliyoharibu zabibu za shemeji yangu, na mtu mmoja, anasema yuko Mwanza, akaniandikia pole. Leo sihitaji pole. Nataka kuandika jambo nililolifanya kama nilivyolifanya, kabla sijaanza kulipamba. Najijua. Nikiliacha hadi Jumapili, litakuwa limeshavaa nguo nzuri.

Mimi ni karani masjala. Kazi yangu ni kupokea barua, kuzifungulia majalada, kuzipeleka kwa mkuu, na kuchapa kinachotakiwa kuchapwa. Ofisi yetu ndiyo inayokagua vitu vinavyouzwa madukani: vyakula, dawa, vipodozi. Ni ofisi ndogo. Ina pikipiki moja ambayo siku nyingi haina petroli, na mkuu mmoja ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Afya, ingawa ana jina lake.

Na kama kila mtumishi ninayemjua, nina mradi. Mshahara wa serikali ni wa kukufikisha kazini. Wa kula unautafuta mwenyewe. Wenzangu wana kuku, wana mashine za kusaga. Mama Joshua wa chumba cha pili huleta maandazi kwenye ndoo yenye kifuniko. Mimi nilikuwa na sabuni.

Nitaiita ya kijani, maana ndivyo tulivyoiita sote. Karatasi yake ilikuwa ya kijani, na juu palikuwa na picha ya mwanamke mweupe anayecheka. Ilikuja na treni kutoka Kigoma. Mama mmoja anayeleta dagaa na mafuta ya mawese ndiye aliyeniletea, boksi moja moja. Tangu biashara iachiwe na kila mtu aruhusiwe kuuza kila kitu, hakuna aliyeuliza kitu kimetoka wapi. Mimi nimekua wakati wa foleni. Nakumbuka mama yangu akifulia majani ya mpapai kwa sababu sabuni haikuwepo nchi nzima. Sisi tuliotoka kwenye uhaba ule, duka lililojaa tuliliona kama neema. Nani angeanza kusoma maandishi madogo ya pembeni?

Ya kijani ilikuwa inang'arisha. Hilo ni kweli, hapo sikudanganya mtu. Mimi mwenyewe niliiogea mwaka mzima. Shuleni, Iringa, waliniita Mkaa, na nimefika miaka thelathini na sita bado nalisikia jina lile kila nikipita mbele ya kioo. Baada ya miezi miwili ya ile sabuni, wenzangu wakaanza kuniuliza naoga na nini. Ndipo mradi ulipoanza. Sikuwa na duka. Droo ya chini ya meza yangu ilitosha.

Mwisho wa Mei likaja lile jalada.

Ilikuwa orodha ya sabuni na krimu zilizopigwa marufuku, kurasa tatu, imeletwa kutoka Dar es Salaam. Bwana Afya alikuwa ameshaandika waraka kwa mkono, kwenda kwa wenye maduka wote. Nilitakiwa niuchape, niambatishe orodha, nimrudishie asaini, upigwe muhuri, usambazwe. Kazi ya asubuhi moja.

Nikachapa jina baada ya jina bila kufikiri, kama ninavyochapa kila kitu. Ukurasa wa pili, katikati, vidole vikaandika jina la ya kijani kabla macho hayajalisoma.

Mbele ya kila jina palikuwa na sababu ya kuzuiwa. Mbele ya ile ya kijani palikuwa na neno moja tu: zebaki.

Zebaki naijua. Ni ile inayong'aa ndani ya kipimajoto. Tulipokuwa darasa la sita kipimajoto kilivunjika, mwalimu akatutoa darasani mbio na kutukataza hata kuigusa kwa kidole. Chini ya orodha palikuwa na maelezo: hupenya ngozi, huingia kwenye damu, huharibu figo, humfikia mtoto tumboni. Dalili zake ni kuvimba uso na miguu, na mkojo kuwa na povu. Nikayachapa na hayo. Niliyachapa vizuri, bila kosa hata moja.

Nilimuuliza Bwana Afya, kama mtu anayepiga soga tu, kwa nini mtu atengeneze sabuni yenye sumu.

Hakuinua kichwa. "Huko inakotengenezwa hawaruhusiwi kuiuza," akasema. "Wanaruhusiwa kuisafirisha nje tu. Nje ndiyo sisi."

Jioni ile nyumbani nilitoa kipande kimoja kwenye boksi lililokuwa chini ya kitanda, nikakigeuza pembeni. Zebaki ilikuwepo. Imeandikwa kwa Kiingereza, herufi ndogo kama mayai ya chawa.

Sasa naomba usome taratibu, wewe wa Mwanza au wa popote ulipo.

Siku ile ile niliacha kuogea ile sabuni. Nilikichukua kipande kilichokuwa bafuni nikakitupa chooni, na binti yangu Neema nikamkataza asiiguse tena.

Na nikaendelea kuiuza.

Nilijiambia mengi. Kwamba waraka haujasainiwa, na kitu hakiwi marufuku mpaka kipigwe muhuri. Kwamba wanaoitumia wameshaitumia, kipande kimoja zaidi hakiongezi kitu. Kwamba nisipouza mimi, sokoni wanauza, chini ya kaunta, usiku na mchana. Nilikuwa na maboksi mawili, na Bunge la bajeti lilikuwa linaanza. Mwezi wa Juni mji huu hufurika. Nyumba za wageni hujaa mpaka stoo, na kila mhudumu, kila karani, anataka kupendeza. Ulikuwa ndio msimu wangu.

Kuna na la zaidi. Wiki ile Bwana Afya aliingia kwenye vikao na semina, akawa anapita ofisini dakika chache tu kusaini kilichokuwa juu ya meza. Na kilichokuwa juu ya meza hupangwa na mimi. Waraka ule niliuweka chini ya majalada mengine. Sikuuficha. Niliuweka chini tu. Kila asubuhi nilipanga meza upya, na kila asubuhi waraka ulikwenda chini.

Ulikaa hapo wiki tano.

Sechelela ni mhudumu katika nyumba ya wageni iliyo mtaa wa nyuma ya ofisi yetu. Wengi tunamwita Seche. Kwao ni Ihumwa. Ni msichana wa kucheka, mwenye mwanya, anayekusalimia kutoka ng'ambo ya barabara mpaka unaona haya. Alichumbiwa na fundi wa Kizota, anayechomelea milango na madirisha, na harusi ilipangwa iwe Septemba. Lakini mawifi walishasema mbele yake kwamba kaka yao amewaletea usiku nyumbani. Seche alinisimulia maneno hayo huku anacheka, kisha akaniuliza kama ya kijani ipo. Hiyo ilikuwa karibu na Krismasi. Tangu hapo hakuacha.

Katikati ya Juni akaja tena, akasimama mlangoni. Kuna mgeni wa pale kwao alikuwa amemwambia sabuni hizi zinaharibu watu.

"Dada, kwani ina madhara?" akaniuliza.

"Ingekuwa na madhara ningeiogea mimi?" nikamjibu.

Akacheka. Akachukua vipande vitatu, maana siku zilikuwa zinakaribia.

Nilijiambia sikusema uongo. Niliuliza swali tu.

Mwanzoni mwa Julai Bwana Afya aliukumbuka waraka wake. Nikautoa chini nikasema ulichanganyika na majalada mengine. Aliusaini papo hapo, wima, na mchana huo ukapigwa muhuri na kubandikwa ubaoni. Droo yangu ilikuwa tupu. Kilibaki kipande kimoja nyuma kabisa, nilichokisahau. Nitasema ukweli: nilifurahi. Niliona nimevuka salama.

Ijumaa iliyopita, wakati wa chai, Mama Joshua akaingia na ndoo yake ya maandazi na habari.

"Umesikia ya Seche?" akasema. "Kavimba kama mkate. Kalazwa siku nne, madaktari hawaoni kitu, wamerudi naye nyumbani. Mganga kasema kafungwa mkojo na mtu wa hapo hapo nyumbani kwao. Kumbe bi mdogo wa baba yake mchawi! Wamemtoa kwa fimbo, kakimbilia kwa kaka yake Msalato."

Alisimulia kama watu wanavyosimulia mambo hayo, kwa masikitiko na kwa utamu kidogo. Kisha akafunika ndoo yake akaenda chumba kingine.

Nilijua pale pale. Dalili nilizichapa mimi.

Na sikufanya kitu. Ijumaa ikapita. Jumapili niliimba kwaya kama kawaida, sauti ya pili, nikiwa nimesimama mstari wa mbele. Jumatatu nikapanga majalada. Kila nikitaka kwenda nilijiambia huenda ni ugonjwa mwingine, watu huvimba kwa mambo mengi. Jana Mama Joshua akaleta sehemu ya pili ya hadithi yake: vijana wa ukoo wamesema Jumamosi watamfuata yule mama huko huko Msalato, akafungue alichokifunga.

Jumamosi ni keshokutwa.

Leo asubuhi niliomba ruhusa kwa Bwana Afya, nikasema naenda hospitali. Nilidhani nadanganya. Nilichukua nakala ya waraka na kile kipande kilichobaki, nikapanda gari la Kongwa, nikashuka Ihumwa.

Nyumba yao niliijua kwa maelezo. Tembe ya zamani, pembeni chumba cha matofali chenye bati, na ng'ambo ya uwanja nyumba ndogo ambayo mlango wake umeng'olewa. Kuku walikuwa wanaingia na kutoka humo. Mama yake Seche alikuwa amekaa uani akimenya karanga. Ni mwanamke mrefu, mkavu, mwenye uso wa mtu asiyelala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbukwenyi, karibu," akasema, akiongeza salamu ya Kigogo. "Wewe ni wa kazini kwake?"

Nikasema mimi ni rafiki yake wa mjini. Sikuwa na neno lingine. Akanyanyuka akanipeleka ndani. Mzee, akasema, amekwenda mnadani.

Seche alikuwa amelala kwenye mkeka kando ya ukuta. Uso ulikuwa umevimba mpaka macho yamebaki mistari miwili, na miguu ilikuwa kama ya mtu mwingine mnene, aliyokopeshwa. Lakini rangi ilikuwa ile ile waliyoitaka mawifi. Nyeupe, laini, inang'aa kwa kuvutwa na maji.

Alinifahamu kwa sauti. "Dada, umekuja," akasema. "Nisamehe, sikurudi kuchukua nyingine."

Kwenye sahani kando ya kichwa chake kulikuwa na nusu ya kipande cha kijani, bado kibichi kwa maji.

"Namwogesha nayo," mama yake akasema. "Asubuhi na jioni. Waliniambia imeandikwa ni ya kuua vijidudu."

Nilikaa chini. Nikautoa waraka nikausoma kwa sauti, neno kwa neno, na nilipofika kwenye zebaki nikatua nikaeleza ni nini. Mama yake alinisikiliza kwa kichwa kilichoinama, kama watu wanavyosikiliza risala ya msiba.

"Sabuni," akasema. "Sabuni inaingiaje kwenye mkojo wa mtu?"

"Inapita kwenye ngozi, mama. Inaingia ndani polepole."

"Aliipata wapi?"

"Kwangu. Mimi ndiye niliyemuuzia."

Seche alinyoosha mkono nikampa karatasi. Aliisogeza karibu kabisa na jicho moja. Nilidhani anatafuta jina la sabuni. Kumbe alikuwa anatazama juu, kwenye kona, ninapochapa tarehe.

"Hapa pameandikwa Mei," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nilikuja Juni. Nikakuuliza."

"Ndiyo, Seche."

Alipumua. Kupumua kwenyewe kulikuwa kazi. "Na wewe, dada, uliacha lini kuiogea?"

Nilikuwa na muda wa kudanganya. Ulikuwa mfupi, lakini ulikuwepo, na nilisikia ulimi wangu ukijiandaa.

"Mei," nikasema.

Akaiacha karatasi ikaanguka, akageuza uso ukutani. Ukuta ulikuwa na kalenda ya zamani ya kanisa, na alibaki anaitazama hiyo, na mimi nikabaki natazama mgongo wake.

Aliyesimama ni mama yake. Alikichukua kile kipande cha sahani kwa ncha ya kitambaa, kama mtu anayeokota panya, akakifunga kwenye pembe ya kanga. "Twende hospitali," akasema. "Utayasema haya kwa daktari kama ulivyoyasema hapa. Usipunguze."

Tulipata pikapu iliyokuwa inapeleka kokoto mjini. Dereva alikubali tumlaze Seche mbele, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake. Mimi nilikaa nyuma juu ya kokoto. Hakuna aliyeniambia nikae huko.

Daktari ni kijana, sauti ya upole, macho mekundu ya mtu wa zamu. Alimkumbuka Seche. Nilipoanza kueleza aliweka kalamu chini, na nilipomwonyesha kipande alisoma pembeni mwa karatasi yake mara mbili.

"Nilimuuliza anatumia dawa gani," akasema, si kwetu, ni kama anajisemea mwenyewe. "Akasema hatumii. Sikumuuliza sabuni."

Akatueleza. Figo zinavuja, na kinachotakiwa kubaki mwilini kinatoka na mkojo. Ndiyo maana ya povu, ndiyo maana ya kuvimba. Sabuni ikiachwa kabisa, na akitunzwa, huenda figo zikarudi. Wako wanaorudi.

"Na wengine?" mama yake akauliza.

Daktari alisema atamlaza leo, na ikibidi watampeleka Dar es Salaam.

Kisha akanigeukia mimi. "Nani mwingine ulimuuzia?"

Nikaanza kutaja. Wahudumu watatu wa nyumba ya wageni anakofanya kazi Seche. Mama wa supu pale stendi. Makarani. Mabinti wa chuo. Yeye aliandika. Nilishangaa jinsi majina yalivyokuwa yanakuja, na nyuso zao, na maneno tuliyotaniana. Ukurasa ulijaa akaugeuza. Nilipofika kwa mwalimu mmoja wa Chang'ombe, nikaongeza kwamba yule ana mimba, na kalamu ikasimama.

"Mimba ya miezi mingapi?"

"Sita. Labda saba."

"Huyo usimngoje kesho," akasema.

Nilipotoka nilimkuta mama yake Seche kwenye baraza la wodi, amekaa sakafuni, miguu ameinyoosha. Nilisimama. Nilitaka anitukane, nilihitaji anitukane, lakini alikuwa anatazama viganja vyake.

"Mama Ndahani," akasema. Ndiyo jina la bi mdogo. "Vyungu vyake nilivitupa nje mimi. Vijana walimtoa yeye, lakini vyungu nilivitupa mimi, kwa mikono hii. Kimoja baada ya kingine. Miaka kumi na mbili tumekula naye sahani moja, na mganga aliposema mwanamke wa nyumbani kwetu, moyo wangu ulifurahi. Unasikia? Ulifurahi."

Nikasema mimi ndiye chanzo.

"Wewe una yako," akasema. "Usichukue na yangu."

Wauguzi walipita. Baada ya muda akasema mzee akirudi mnadani atamweleza, na atawaeleza vijana, lakini wale hawatamsikia mwanamke kwa neno tupu. Wanataka kumsikia mwenyewe aliyefanya. Kesho asubuhi tutakwenda Msalato, yeye na mimi na mzee, kabla hiyo Jumamosi haijafika. "Utaanza kusema wewe," akasema. "Mimi nitafuata."

Kutoka hospitali nilikwenda moja kwa moja Chang'ombe. Mwalimu alikuwa ndiyo ametoka shule, anakata sukuma wiki kwenye kibaraza, tumbo limetangulia. Alinichangamkia, akafikiri nimemletea sabuni. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Aliweka kisu chini, akakaa kwenye ngazi, akashika tumbo kwa mikono miwili, akaniuliza jambo moja tu: kama mtoto anaweza kuwa mzima. Nikasema sijui. Nikampa jina la daktari. Mume wake alitoka ndani kuuliza kuna nini, na yeye akamwambia, kwa sauti ndogo sana, "Mwambie huyu aondoke."

Nikaondoka. Nikatembea mpaka hapa.

Bado majina mengine yote. Yale ya karibu nitayapitia kesho jioni nikirudi, mlango kwa mlango, na ya mbali Jumapili badala ya kwaya. Jumatatu nitaingia kwa Bwana Afya na jalada nililolifungua mimi mwenyewe, lenye jina langu juu na wiki tano zile ndani. Najua kinachofuata. Nitaachishwa kazi, na huenda na polisi. Nimejaribu kukiogopa hicho leo, kimekataa kuogopwa. Ninachoogopa ni kwamba waraka uliokaa chini wiki tano haukuwa wa Seche peke yake. Ulikuwa wa maduka yote. Kuna wanawake walionunua sokoni mwezi wa Juni ambao sitawajua kamwe, na hakuna mlango wao wa kubisha.

Nimejiuliza pia, hapa mbele ya kioo cha kompyuta, kama ningekwenda Ihumwa leo iwapo vijana wasingetaja Jumamosi. Nimekaa na swali hilo mpaka dada wa kaunta akaja kuniuliza kama mtandao umekata.

Sina jibu zuri. Nadhani nisingekwenda leo. Nadhani ningesubiri.

Upepo haujatulia. Neema atakuwa ameshabandika maji ya ugali, na itabidi nimweleze na yeye, maana atayasikia shuleni kabla ya wiki kwisha.

Mama yake Seche aliniambia jambo la mwisho wakati naondoka barazani, na nimelibeba tangu mchana. Siku ile ya fimbo walimvunja Mama Ndahani mkono. Wa kushoto. Kaka yake ameufunga kwa vijiti, hawakuwa na nguvu za kwenda hospitali.

Kwa hiyo wa kulia ni mzima. Kesho nikishasema, akitaka kunizaba kofi, ataweza. Nitaweka uso wangu karibu.